Jicho Lililokomea Njiani

Huzaliwa kama samaki wengine,
jicho huku, jicho huku,
uzi mwembamba unaoelea
juu ya kiza usichokijua.
Kisha jicho la kushoto linafunga virago
na fuvu linapinda kulipisha.

Magayogayo wa bahari nyingine huimaliza safari hiyo:
macho mawili upande mmoja,
upande wa pili mweupe, kipofu, wa kulalia mchanga.
Huyu wetu, qaleralik, jicho lake lilichoka njiani.
Limekaa ukingoni mwa paji
kama mgeni asiyekaribishwa ndani
wala hajaambiwa aende zake.
Ndiyo maana ni mweusi pande zote,
huogelea wima akitaka,
huwinda katikati ya maji.
Hakukubali kuwa zulia.

Haya niliyajua kiwandani, kwenye meza ya kupimia.
Baba alijua kina na bei.

Februari. Inunnguaq, kaka yangu,
ametoboa barafu kwa mtaimbo, tundu la upana wa beseni.
Mbwa kumi na mmoja wamejikunja, mikia juu ya pua.
Enzi za baba barafu ilikuwa dhiraa mbili.
Leo shibiri mbili, na tumeshukuru.

Anatumbukiza bati.
Mkondo unalichukua, linateleza mshazari gizani
likiburura dhulumati nyuma yake,
ndoana mia na hamsini,
mpaka mshipi ulale sakafuni, mbali na tundu,
pima mia nne chini ya viatu vyetu.
Tunakunywa kahawa.
Tunangoja kama wanaongoja simu ya hospitali:
hakuna anayeitaja.

Kuvuta ni saa mbili na mgongo.
Ndoana za kwanza zinaleta midomo mitupu.
Papa wa barafu, mzee yule asiye na haraka,
amepita na kula miili.
Inunnguaq anatukana kwa adabu; mbwa wanasikia.

Kisha uzito.
Jike, bila shaka, wakubwa ni majike;
madume hukoma mapema.
Kilo kumi na tisa. Anatoka tunduni akiwa ubavu,
na baridi ya juu inamgandisha mapezi
kabla hajamaliza kushangaa.
Kwenye taya ana ndoana yetu,
na pembeni yake nyingine,
imeliwa na kutu, na kipande cha kigwe cha kijani,
fundo limezungushwa mara mbili, kushotoni.

Machi ile barafu ilipokatika
baba alirudi na mbwa wanne, bila mshipi.
Hakuusemea tena.
Alikufa miaka sita baadaye, kitandani, uso dirishani.

"Fundo la baba," nikasema.
Inunnguaq akaligeuza kwa koleo.
"Nusu ya Ilulissat hufunga hivi."
Lakini hakulitupa.
Alilitia kwenye kopo la kahawa, akafunga kifuniko,
akaniambia nishike mshipi vizuri.

Usiku, kiwandani, nilitoa jiwe la sikio,
nikalikata, nikaliweka chini ya darubini.
Pete, kama za mti, lakini za ubahili:
huku chini mwaka hutoa kidogo.
Nilihesabu ishirini na tatu.
Nikarudia: ishirini na saba.
Kwenye fomu niliandika ishirini na tano
na sikujisikia mwongo.

Wanaochunguza wanasema
walioingia ghuba hii hawarudi kutaga.
Mayai ni ya mlangobahari, kusini, kwenye kina cha wengine;
watoto huletwa na mkondo,
hunenepa kwetu, huzeeka kwetu,
na kizazi chao hakitokani nao.
Niliposoma hayo mara ya kwanza nilimfikiria shangazi Arnatsiaq
aliyekwenda Aalborg kwa majira mawili.
Ana wajukuu huko sasa.

Minofu imekwenda. Kichwa nimebaki nacho kwenye beseni.
Jicho moja linanitazama mimi.
La pili, lile la ukingoni,
linatazama juu, kwenye taa,
kama linaulizia upande liliotoka.

Simu inalia. Ni Inunnguaq.
Anataka kujua wamelipa ngapi kwa kilo.