Wiki ya Thelathini na Saba

Tulifuata jiko, basi. Jiko dogo la gesi
la kuchomea nyama uani, bure
kwa yeyote atakayekaa dakika tisini na kusikiliza.
Verlin alisema: kwa daktari wa meno
nimekaa zaidi ya hapo, na nikalipa.

Ukumbi ule wa Branson una zulia linalomeza nyayo,
vikombe vya kahawa visivyokauka,
na dirisha moja pana kama ukuta,
limetobolewa makusudi pale ziwa linapong'aa.
Kijana wetu aliitwa Tate. Kucha safi.
Alijua kuandika kichwa chini miguu juu,
tarakimu zikatujia sisi zimesimama wima
kana kwamba tumeziandika wenyewe.

Hotelini mnatumia ngapi kwa mwaka?
Hatulali hotelini, nikamjibu. Tunalala kwa dada yangu, Tulsa.
Akacheka, akaandika hata hivyo: elfu mbili na mia nne.
Akazidisha mara thelathini.
Papo hapo tukawa tumepoteza dola elfu sabini na mbili
ambazo hatujawahi kuzitia mkononi.

Kila baada ya muda kengele ililia:
mtu fulani, meza fulani, amekuwa mwenye mali.
Ukumbi ukapiga makofi. Nami nikapiga.
Mikono ina ujinga wake.

Wiki moja. Ya thelathini na saba, Septemba,
chumba chenye baraza, milele,
na baada ya milele atairithi Corinne, binti yetu.
Na ile ada ya matengenezo, nayo atairithi?
Tate akafunua ukurasa mwingine.

Nikamgeukia Verlin. Hakuwa kwenye tarakimu.
Miaka thelathini na minne ndani ya shimo la gereji,
chini ya malori ya watu,
anga lake likiwa ni tumbo la gari
na mvua yake ni oili.
Sasa anatazama maji
mdomo umeachama kidogo,
kama mtoto dukani aliyeonywa nyumbani asiombe kitu.

Hapo ndipo nilipotaka kutia saini.
Si kwa hesabu ya Tate. Kwa ule mdomo.

Nikapiga hesabu yangu chini ya meza, kwa vidole.
Ana miaka sabini na mmoja. Daktari wa moyo, Springfield,
alisema kumi, labda, akiacha chumvi.
Hajaiacha.
Kumi mara siku saba.
Milele yetu ilikuwa siku sabini,
na kuzilipia, siku nyingine zote
maharage ya kopo.

Akaja meneja, bei ikashuka. Leo tu.
Akaja mwanamke mwenye mkufu wa lulu, ikashuka tena,
akanishika bega, akaniita mpenzi.
Kizuri chajiuza, wanasema;
hiki kilikuwa kimeizunguka meza yetu mara tatu
na bado kinahema.

Ndipo Verlin akafungua kinywa, mara ya kwanza tangu kahawa:
"Na wiki ya thelathini na nane,
nani analala kitandani mwangu?"

Hakutania. Alitaka kujua.
Tate akamtazama meneja. Meneja akatazama saa.

Jiko walitupa. Lina miguu mitatu,
wa nne tutatumiwa kwa posta.
Kutoka Branson hadi Joplin hakusema neno,
na mimi niliyeponyesha akiba yetu
nilikaa pembeni yake kama mwizi.

Septemba ilipofika nilimkuta jikoni alfajiri,
taa haijawashwa, mbele ya kalenda ya benki,
anahesabu mistari ya wiki, mmoja mmoja,
kwa kalamu ya buluu.
Kumbe aliondoka nayo.
Nikarudi kitandani polepole,
nisije nikamkatiza kabla hajafika.