Madini Joto

Daktari hakuanza na tumbo.
Alianza na shingo: "Meza mate, Aikunda."
Vidole vyake baridi kama maji ya Rau alfajiri.
Nikameza. Kitu kikapanda, kikashuka,
kama yai lililokosea njia.

Miaka minne nahesabu siku
kwenye kalenda ya chama cha kahawa:
mwezi unakuja, mwezi unaruka,
mara mbili umerudi na mtoto
asiyefikia hata jina.
Wifi akasema mgomba usiozaa hukatwa.
Nikamjibu: hapa Uru mgomba hukatwa ukishazaa,
mimi niache nisimame.

"Chumvi mnanunua wapi?"
Nikacheka. Nimeleta uzazi, naulizwa chumvi.
Mbuyuni, ile ya mawe, ya kupimiwa kwa kopo,
tunaiweka wazi juu ya jiko isishike unyevu.
Akaandika. Akasema shingo na kizazi
ni majirani wanaoazimana moto;
huku ukififia, kule chungu hakichemki.

Bibi Ndeanka alikuwa na rovu,
akilifunika kwa kitenge cha harusi.
Alizaa mmoja, akazika watatu,
nasi tukaita laana ya ukoo.
Laana!
Huenda lilikuwa kopo tu, lisilo na kifuniko.

Jioni mtori umeshaepuliwa.
Nafungua pakiti mpya, nanyunyiza mwishoni,
nafunga haraka kama anayeficha siri.
Vidonge viko kabatini. Kalenda iko ukutani.
Sijui.
Mume wangu anaonja, anasema imekolea.
Mimi nimeishika shingo,
nasikiliza.