Bakuli Lenye Tundu

Jana tumeanua matanga. Leo Rujewa inanuka pumba.
Mwalimu Nasibu kavaa miwani, kafungua daftari la mashine ya kukoboa,
lile lile la magunia na madeni ya watu,
maana humo ndimo Bibi Gulbibi alimoandika wasia,
kati ya deni la Mwakalinga na bei ya dizeli.

Majaruba kumi na matano.
Ami Shahdadi anahesabu kwa vidole, midomo inamcheza.
Mashangazi watatu wamejifunika hadi puani.
Mimi niko mlangoni, sijavua viatu.
Baba alimtangulia mamake kaburini,
na mwana aliye hai humziba mjukuu:
Mwalimu alishaniambia, kwa upole,
kama mtu anayekurudishia sahani tupu.

Bibi alinifundisha hesabu kwa bakuli.
La shaba, dogo, kitakoni lina tundu la kupita sindano.
Lilitoka Bampuri, Uajemi, kwa nyanya wa nyanyake,
huko ambako maji hupita chini ya ardhi kama siri
na watu huyarithi.
Unalitua juu ya maji, linajaa taratibu.
Likizama, zamu yako imekwisha.
Kaka mabakuli mawili. Dada moja.

Nikauliza: kwa nini moja?
Akautazama mfereji muda mrefu.
"Hilo muulize aliyegawa. Mimi nakwambia la pili.
Kaka zake walimjia na halua.
Wakasema, dada, sisi damu moja, tusamehe fungu lako.
Akaila halua.
Maji hakusamehe."

Mwalimu anasoma: theluthi ni ya binti Pirdadi,
aliyezaliwa na Atuganile wa Tukuyu.
Matano.
Yale ya juu, karibu na lango la maji.
Kumi yaliyobaki, manne kwa Ami,
mawili mawili kwa mashangazi.
Ami anahesabu tena, na tena.
Theluthi haikuzidi hata shubiri.
Mashahidi wawili wapo, mmoja anakohoa.
Shangazi Durbibi, chini ya mtandio, nadhani anacheka.

Magharibi mke wa Ami kaja na sahani
iliyofunikwa kitambaa cha maua.
"Ami yako anasema, sisi damu moja."
Halua. Bado ina moto.

Nimekula. Tamu kweli, iliki haikupunjwa.
Kisha nikaliteremsha bakuli kwenye ndoo,
nikakaa kulitazama
likinywa.