Tundu Nyuma ya Mafiga

Nimekula ukuta wa jiko la mama mkwe.
Nasema leo kwa kuwa tundu limeshaonekana:
nyuma ya mafiga, upana wa kiganja,
kingo zake laini kama sahani iliyorambwa.

Lilianza na mvua ya mwisho, ya Mei.
Tone lilipogusa vumbi jekundu la Newala
kinywa changu kikajaa mate.
Nikabandua kipande, kidogo tu, cha ukucha.
Kikavunjika chini ya jino.
Kitamu, Mungu anisamehe.

"Mimba hiyo," wakasema wanawake, wakacheka.
Mimba ya nne, na wa tatu hajaacha ziwa.
Nikipanda na ndoo kutoka bondeni
moyo ulinitwanga mbavuni kama mchi wa jirani asiye na haya
na mikorosho ikaanza kuelea.
Mama mkwe akasema nimeingiwa na kitu.
Likwati akasema uvivu.

Likwati! Mume wangu, bingwa wa mikorosho!
Akipita chini ya mti hugeuza jani,
hutazama mgongo wake, hunusa ua;
akiona unga mweupe wa ubwiri, halali,
alfajiri yumo shambani, bomba mgongoni,
kila mti anaujua dozi yake ya salfa.
Hakuna siku aliyogeuza kope langu.

Aliyeligeuza ni Namkuna, wa maabara ya Kitangari,
kijana mwenye mikono ya baridi.
Akalivuta chini, akanyamaza.
Akanichoma kidole; tone likatoka jepesi,
rangi ya maji yaliyooshewa nyama.
"Sita nukta nane. Ilitakiwa walau kumi na moja."
Kisha, macho yakiwa bado daftarini:
"Mama, unakula udongo?"

Nililia. Si kwa aibu:
kwa kuwa mtu amelijua tundu langu
bila kufika jikoni kwetu.

Damu inataka chuma, akasema.
Nikamuuliza, udongo wetu si mwekundu kwa chuma hichohicho?
"Kimejifungia humo, tumbo halina ufunguo.
Tena udongo hukizuia hata kile cha mboga."
Na minyoo haikungoja mdomo,
ilipita nyayoni, njia ya shamba.
Bibi yangu aliiita safura; mimi nilidhani ni tusi.
Malaria ya Machi nayo ilichukua chake,
na watoto, kila mmoja alichota mtungini
kabla haujajaa.

Sasa nina vidonge. Choo cheusi kama masizi;
wifi yangu Siwema alivitupa vyake kwa hofu hiyo,
mimi nilionywa mapema.
Kisamvu nakila na dagaa, maini siku ya mnada,
na bibo nalinyonya palepale, maji yakichuruzika kiwikoni,
mabibo hayohayo tuliyoyaacha yaoze
tukaondoka na korosho tu,
kumbe ndiyo yanayoisaidia mboga kufika damuni.
Chai ya rangi inasubiri mpaka chakula kishuke.
Kuingoja chai ni kugumu kuliko kuuacha udongo.

Jana Likwati, bila neno,
alinivuta kope kwa kidole ambacho bado kinanuka salfa,
akatazama kama anayesoma jani.
"Mh," akasema. Akaenda zake.

Tundu nililikandika mwenyewe.
Leo asubuhi, nikichochea moto, naona
limefunguka pembeni:
alama za vidole viwili, vyembamba kuliko vyangu.

Sinahamu wangu ana miaka kumi na mitatu,
mwezi wa pili huu tangu avunje ungo.
Sikumgombeza. Nilimwita mlangoni, penye mwanga,
nikamwambia, tazama juu, mwanangu.

Kesho tunashuka wawili Kitangari.
Na viatu tutavaa.