Rudia, Sijakupata

Amri ilianzia mahali penye kiyoyozi,
ikapita kwa kanali, ikapita kwa meja,
ikateremka kilima cha Bugando ikikwaruza
hadi sikioni mwangu, daraja la Mirongo,
saa kumi na mbili na dakika nane.

Mimi koplo wa redio. Sina cheo cha kuamua.
Nina cheo cha kurudia.

Ng'ambo watu wa Mabatini wamekaa juu ya mawe,
mikono mapajani.
Mama mmoja anakaanga mapanki
kana kwamba ni Jumanne tu.
Moshi unavuka daraja bila kibali.
"Mwangaluka!" akatuamkia,
na Praiveti Ngeleja akaitika, "Mhola,"
kabla hajakumbuka amevaa nini.

Luteni Masalu akanigeukia: "Wanasemaje?"

Betri imejaa. Sauti safi,
nasikia hata kijiko kikigonga kikombe huko waliko.

Nikabonyeza.
"Rudia, sijakupata."
Wakarudia.
"Rudia, mawe haya yanakata mawasiliano."
Wakarudia, polepole, kama kwa mtoto.

Luteni akatazama maji machafu chini ya daraja.
Hakuniuliza tena.

Mara ya nne sauti haikurudia amri.
Ilitaja jina langu,
yote matatu,
na namba.