Mpinzani Ameondoka

Muuzaji, Sumiya, kijana wa nywele za rangi ya chungwa,
ametupangia vishikwambi vitatu juu ya kaunta
na maneno yake yana mbio kuliko mashine anazozisifu:
hiki kioo chake hakikwami, tazama gari linavyokata kona,
hiki kina spika nne, risasi utaisikia nyuma ya sikio,
hiki (anashusha sauti) ni cha kawaida tu, kinene,
wananunua walimu.

Mwanangu Hongorzul ana miaka tisa na mafua.
Hatazami gari. Hasikilizi risasi.
"Kikiwa kwenye baridi, kinachukua muda gani kuzimika?"
Sumiya anacheka. Anamuuliza anacheza mchezo gani.
"Sataranji. Na baba."
Sumiya ananigeukia kama mtu aliyechinja ng'ombe mzima
akaambiwa mgeni anataka chai tu.

Sikumweleza. Ningeanzia wapi?
Foleni ya malori ya makaa ya mawe kule mpakani, kusini,
siku tatu, nne, safari nyingine sita,
Jamsran amezima injini kwa sababu dizeli si maji,
pumzi yake inaganda kwenye kioo cha mbele,
na simu yake kuukuu ameiweka kwapani kama yai.
Saa tatu usiku anaitoa, anasogeza farasi, anairudisha.
Huku Ulan Bator, chini ya blanketi, kwa simu yangu,
Hongorzul anajibu kwa ngamia
(kwetu ngamia ndiye anayekwenda mshazari).
Anasubiri.
Anasubiri.
Kisha maandishi ya kijani, na nyota zinarukaruka:
UMESHINDA. MPINZANI AMEONDOKA.

Januari pekee ameshinda hivyo mara kumi na moja.
Ameziandika nyuma ya daftari la hesabu
na kila ushindi akaukata kwa kalamu nyekundu.
"Hajaondoka," aliniambia usiku mmoja kwa hasira.
"Yupo. Kwa nini inasema hayupo?"

Basi Sumiya, sijui ni huruma au kuchoka,
akafungua dirisha la duka.
Nje nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
moshi wa majiko umeulalia mji.
Akavipanga vyote vitatu kwenye ukingo wenye barafu, vinawaka.
Mteja mmoja akafoka, funga, mtatuua!
Hongorzul akanivua saa ya mkono, akaishika kwa mikono miwili.

Dakika ya saba, cha gari kikakata kona yake ya mwisho.
Dakika ya kumi na moja kikanyamaza cha spika nne,
na spika zake zote.
Cha walimu kikabaki.
Dakika ya ishirini kilikuwa bado kinawaka, asilimia arobaini na mbili,
vidole vya Sumiya vimekuwa vyekundu kama karoti,
na yule aliyefoka amesogea dirishani, anahesabu nasi.

Nakiri: fedha za kile cha gari nilikuwa nazo.
Nakiri pia nilikitamani, wembamba wake,
jinsi wake wa madereva wengine wangekitazama.
Tulinunua kinene. Kwa chenji tukapata kipande cha sufi nzito,
nikakishonea koti lenye kifungo,
akakipeleka Dashzeveg, aliyekuwa anashuka na lori tupu.

Jana usiku, saa tatu, farasi.
Ngamia. Farasi tena. Ngome.
Saa nne, saa tano, nikasema lala, kesho shule,
nikawa nausemesha ukuta.
Saa sita kasoro blanketi likarushwa.
"Amenifunga kwa kitunda! Kitunda, mama!
Kirudishwe dukani!"
Akalala amenuna, uso ukutani, bila kuaga mtu.

Mimi sataranji siijui.
Nikaichukua simu niichomeke kwenye chaji.
Kando ya jina la Jamsran kulikuwa na nukta ya kijani.
Nikakaa kitako sakafuni, kwenye waya mfupi,
nikaitazama.
Ikawa inawaka.