Robo Mzunguko

Kwa miaka ishirini na minane gari la baba
lilikuwa na mjadala wake.
Ukizungusha usukani robo ya mzunguko, hakuna jambo,
magurudumu yangali yanawaza.
Kisha, kama mtu aliyeitwa mara ya tatu,
yanageuka.

"Linacheza," walisema mafundi wa Naryn.
"Halichezi," baba akajibu, "linafikiri."
Naye aliianza kona kabla kona haijaanza,
bado yuko kwenye mnyoofu, bega limeshatangulia,
na sisi watoto nyuma, juu ya magunia ya sufu,
tukaegemea upande ambao barabara ilikuwa haijafika.

Majira ya baridi yaliyopita farasi akamwangusha
kwenye barafu ya mto At-Bashi.
Bega la kushoto likaunga vibaya.
Mwezi wa nne nikamwona bandani
ameushika usukani kwa mkono mmoja na goti,
gari limezimwa, haliendi kokote,
jasho linamtoka.
Hakujua naona. Sikukohoa.

Saginbai wa vyuma chakavu alikuwa na boksi la usukani lenye pampu,
la gari pacha lililobiringika bondeni.
"Kondoo wawili," akasema, "na mmoja awe wa mkia mnene."
Nikampa wa mikia minene wote wawili.

Baba akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa
akitaja spana kabla sijanyoosha mkono:
Kumi na saba. Siyo hiyo. Kumi na tisa.
Mkono wa boksi ukagoma kung'oka.
Nikaupiga. Nikaupasha moto. Nikautukana kwa Kirusi,
maana mama alikuwa dirishani
na Kirusi chake ni cha sokoni tu.
Ukaachia kwa mlio wa mfupa.

Ndani ya boksi la zamani, kati ya bushi na shafti,
kipande cha bati, chembamba kama ukucha,
na juu yake, buluu bado, herufi nne:
kopo la maziwa mazito.
Nikakifuta grisi kwa kidole gumba.

"Tisini na tano," baba akasema.
"Kiwanda kimefungwa, pesa zimebadilishwa jina, spea hakuna.
Mama yako ameshikwa na uchungu wa Aizirek.
Maziwa niliwapa ninyi. Kopo nililichukua mimi."
Kumbe dada yangu aliuvuka mlima akiwa tumboni
juu ya bati hilo.

Siku tatu za kuchomelea kishikio kwenye chesisi.
Siku nzima ya mkanda.
Hosi ikapelea kwa vidole viwili, nikarudi tena kwa Saginbai.
Mwisho nikainua pua ya gari kwa jeki, nikajaza mafuta,
nikazungusha kushoto hadi basi, kulia hadi basi,
hewa ikitoka kwa mapovu
na baba ameinamia tangi dogo kama achungaye maziwa jikoni:
"Bado. Bado. Bado. Haya."

Akataka kuendesha mwenyewe.
Kwenye kona ya makaburi akafanya kama siku zote,
robo mzunguko, mapema, bega zima mbele,
na gari likatii papo hapo,
likatutia katika viazi vya akina Turdubai.
Injini ikazima.
Baba akavitazama viganja vyake.
"Linasikia," akasema.
Na baada ya kitambo: "Sijazoea kusikilizwa upesi hivi."

Tukarudi kinyumenyume juu ya viazi vya watu,
usukani chini ya kidole chake kimoja,
kile kidogo, cha mkono mbovu,
akiuzungusha kama anayekoroga chai.
Sijui kama alifurahi.
Usiku nikasikia mlango wa banda,
kisha kimya kirefu, bila injini.

Asubuhi chini ya pampu palikuwa na tone,
jekundu, kubwa kama kifungo cha shati.
Na kile kipande cha bati nilichokiacha dirishani
hakikuwapo.
Nikachukua spana. Kumi na saba.
Siyo hiyo.